Leaf ya mtumba kwa foleni za Dar: 24 kWh ya bei rahisi au 40 kWh? Na betri ikichoka inakuwaje?

Bunju_B aliandika:

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa hesabu kabla sijatuma pesa Japani.

Matumizi ni Bunju hadi Posta na kurudi, kama kilomita 65 kwa siku, siku 23 kwa mwezi. Foleni mnaijua, AC inawaka karibu saa nne kwa siku. Wikiendi ni mizunguko ya karibu, mara mojamoja Bagamoyo. Nyumbani nina LUKU ya fezi moja, na gari litalala ndani ya geti, mita 18 hivi kutoka kwenye meni swichi.

Nachagua kati ya Nissan Leaf mbili, magari ya umeme. Moja ni ya 2014, betri ya 24 kWh, dashibodi inaonyesha vijiti 9 vya afya ya betri kati ya 12. Bei yake inavutia sana. Nyingine ni ya 2018, 40 kWh, vijiti 12, ila bei ni zaidi ya mara mbili.

Ninachotaka kujua: ya bei rahisi itanitosha? Umeme utakula kiasi gani kwa mwezi ukilinganisha na petroli? Naweza kuchaji kwenye soketi ya kawaida ya ukutani? Na hiyo betri, ikifika mwisho, gari linakuwa chuma chakavu?

---

Hesabu_Kwanza alijibu:

Mkuu, kwa safari yako ile ya 2014 iache. Nitakuonyesha kwa namba.

Betri ya 24 kWh ikiwa mpya inakupa kama 22 kWh za kutumia (kWh moja ni uniti moja ya umeme). Vijiti 9 maana yake afya ni kati ya asilimia 66 na 72. Kijiti cha kwanza kinabeba asilimia 15 peke yake, vinavyofuata kila kimoja ni kama 6, kwa hiyo usidhani 9 kati ya 12 ni robo tatu. Chukua asilimia 68: umebakiwa na 15 kWh.

Foleni yenyewe haiumizi gari la umeme. Mwendo mdogo unakula kidogo, na ukikanyaga breki sehemu ya umeme inarudi kwenye betri. Kinachoumiza ni AC, maana inakula kwa saa, haijali umesogea au umesimama. Kwa joto la Dar, ikishapoza ndani ya gari, iwekee karibu 0.8 kW. Saa nne ni kama 3 kWh. Unabaki na 12 kWh za kutembelea. Leaf mjini inakwenda kilomita 6.5 kwa kila kWh, hapo ni kilomita 78 mpaka izime kabisa. Wewe unahitaji 65. Siku njia ikifungwa na mvua ukazungukia barabara nyingine, umekwama. Na hiyo ni afya ya leo, mwakani itakuwa imeshuka tena.

Ya 40 kWh inatoa kama 38 zikiwa mpya. Hata afya ikiwa asilimia 87 una 33. Safari yako ya siku ni 10 kWh za kutembea na 3 za AC, jumla 13. Ukipenda unachaji siku moja na kuruka moja.

Sasa gharama. Chaja ya ndani ya gari inapoteza umeme kiasi, kwa hiyo 13 kWh kwenye betri ni uniti 15 kwenye mita. Mara siku 23 ni uniti 345. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitazami: kama mita yako ipo kwenye D1, ile ya uniti 75 kwa mwezi kwa bei ya chini, sahau. Gari litakutoa huko na utahamia T1, bei ya kawaida, ambako elfu moja inakupa uniti 2.8 baada ya kodi na tozo. Kwa hiyo friji, pasi na taa za nyumbani nazo zinapanda bei. Tofauti hiyo iingize kwenye gharama ya gari, ni halali yake.

Uniti 345 kwa T1 ni kama 123,000. Gari la petroli la cc 1,300 hadi 1,500 kwenye foleni hiyo hiyo, AC ikiwaka, tuseme linakwenda kilomita 11 kwa lita. Kilomita 1,500 ni lita 136. Nikiweka petroli 3,000 kwa ajili ya hesabu (weka bei ya EWURA ya mwezi wako) ni 408,000. Unaokoa kama 285,000 kwa mwezi, sawa na shilingi 190 kwa kila kilomita.

Hiyo 190 usiile yote. Tafuta bei halisi ya betri iliyotumika yenye afya nzuri, ikiwa na usafiri, ushuru na fundi. Igawe kwa kilomita unazotarajia ikubebe. Kwa mfano tu: milioni 12 gawa kwa kilomita 100,000 ni shilingi 120 kwa kilomita. Ukitenga 120 kila kilomita, akiba yako ya kweli ni 70, na siku betri ikichoka pesa ipo. Ambaye hatengi anajiona anasafiri karibu bure kwa miaka mitano, halafu bili inakuja yote kwa siku moja na gari linapaki.

---

FundiNyaya alijibu:

Najibu la soketi.

Soketi ya ukutani ya ampea 13 inawezekana, kwa masharti. Weka waya wa kuchajia wenye ampea 10, basi. Ampea 10 kwa volti 230 ni kama 2.3 kW, uniti zako 15 zinaingia kwa saa sita na nusu, usiku mmoja unatosha kabisa. Usivutwe na ampea 13 kwa sababu eti plagi imeandikwa 13. Birika linakula ampea hizo kwa dakika tatu, gari linazila saa sita mfululizo, na soketi ya bei rahisi inalegea chemchemi zake, inapata moto, inayeyuka. Baada ya nusu saa ya kuchaji shika plagi: uvuguvugu ni sawa, ikiwa huwezi kuishikilia zima na ubadilishe soketi. Na usitumie ekstensheni iliyozungushwa kwenye gurudumu lake, joto linajikusanya katikati.

Kwa mita 18 mimi ningevuta laini yake peke yake kutoka meni swichi. Waya wa 6 mm², hata kama 4 mm² inatosha kwa ampea 16, kwa sababu tofauti ya bei kwa mita 18 si ya kukutoa jasho na kesho ukitaka chaja ya ampea 32 hubomoi ukuta. Breka ya 20 A kwa sasa. Mwisho wa laini weka soketi ya bluu ya viwandani ya 16 A badala ya ile ya pini tatu bapa, inashika vizuri na ina kifuniko cha mvua.

RCD, kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, ni lazima, 30 mA, aina ya A. Zile za aina inayoitwa AC (si AC ya kupoza) zilizojaa madukani haziaminiki hapa, kwa sababu chaja ya gari ikiwa na hitilafu inaweza kuvujisha umeme wa DC, yaani umeme kama wa betri, ambao unaipofusha RCD ya namna hiyo: siku mtu akiguswa haitakata. Chaja nyingi nzuri zina kinga ya ndani inayokata DC ikifika 6 mA. Soma kibandiko chake. Kama haina, hapo inatakiwa RCD ya aina ya B.

Kisha ethi. Nyumba nyingi ethi ni fimbo fupi iliyopigwa kwenye mchanga mkavu na kusahaulika. Chaja ya gari inaipima ethi kabla ya kuanza, isipoiona inagoma na taa nyekundu inawaka. Watu wanaanza kulaumu gari. Mwite fundi mwenye kipimo cha ethi, siyo testa ya bisibisi, apige fimbo nyingine mpaka namba ishuke. Hii pia ndiyo sababu gari linakataa kuchajiwa na jenereta ndogo: nyutro yake inaelea, haijaunganishwa na ethi.

Kuhusu waya wa kuchajia unaokuja na gari kutoka Japani, nakuomba sana usikate plagi yake ukafunga ya kwetu. Kuna wa volti 100, huo ukiuchomeka hapa unakufa palepale na unaweza kuwaka. Wa volti 200 umetengenezwa kwa ajili ya umeme wa Japani, ambako zile 200 ni waya mbili za 100 kila moja na ethi katikati. Kwetu waya mmoja una 230 zote. Baadhi zinafanya kazi miezi kadhaa halafu vifaa vyake vya kuzuia mshtuko wa umeme vinaungua. Tena unavuta karibu ampea 14 au 15, yaani zaidi ya uwezo wa plagi unayoifunga. Nunua wa volti 220 hadi 240 wenye kichwa cha Type 1, ndicho kinachoingia kwenye Leaf za Japani. Ukileta cha Type 2 cha Ulaya hakiingii bila adapta.

---

Moduli48 alijibu:

Hesabu za Hesabu_Kwanza nazikubali, ila naongeza jambo kuhusu hiyo "vijiti 12". Kijiti cha 12 hakidondoki mpaka afya ishuke chini ya asilimia 85. Kwa hiyo gari la asilimia 97 na la asilimia 86 yote yanaonyesha vijiti 12, na bei zake hazipaswi kufanana. Baya zaidi, vijiti vinaweza kurudishwa kwa kompyuta vikaonekana vimejaa wakati betri imechoka.

Muombe muuzaji picha ya programu ya LeafSpy, inasomwa kwa simu kupitia kifaa kidogo cha bluetuthi kinachochomekwa kwenye tundu la OBD chini ya usukani. Tazama SOH, hiyo ndiyo afya. Tazama idadi ya chaji za haraka, zimeandikwa QC. Za kawaida ni L1/L2. Gari lenye QC nyingi kuliko za kawaida limepashwa moto mara nyingi. Na Leaf haina mfumo wa kupoza betri, si ya 2014 wala ya 2018. Betri inategemea hewa inayopita chini, na hewa ya Dar ni ile unayoijua.

Halafu tazama grafu ya seli. Kuna jozi 96 za seli zilizofuatana. Betri ikiwa juu, karibu zote zinalingana, hata mbovu inaonekana nzima. Pima ikiwa chini ya asilimia 25, mtu akanyage mafuta kwa nguvu (tunasema hivyo hivyo hata kama mafuta hayapo), uone kama kuna jozi inayozama peke yake. Tofauti ikipita milivolti 100 wakati wa kuvuta, kuna moduli dhaifu, yaani kifurushi cha seli. Hiyo ndiyo inayoleta alama ya kobe kwenye dashibodi na gari kupungua nguvu ghafla ilhali bado linasema lina asilimia 20.

Kama gari liko tayari nchini na unalinunua mkononi mwa mtu, kipimo kisichodanganywa ni hiki. Jaza mpaka 100, sifurisha kilomita na wastani wa matumizi kwenye dashibodi, endesha mpaka 20. Tuseme umekwenda kilomita 60 na wastani unasema 6.5 km/kWh. 60 gawa kwa 6.5 ni 9.2. Hizo ni asilimia 80 ya betri, kwa hiyo yote ni 11.5 kWh. Kwa gari lililozaliwa na 22, imebaki nusu, hata dashibodi iwe na vijiti 12 vinavyong'aa.

Kuhusu gari kuwa chuma chakavu: hapana, betri haifi yote kwa pamoja. Ya 24 kWh imeundwa kwa moduli 48. Mara nyingi mbovu ni mbili au tatu, zinabadilishwa. Sharti ni moduli mpya ilingane uwezo na wenzake. Ukiweka nzima sana katikati ya zilizochoka haikuongezei kilomita, kwa sababu mnyororo mzima unasimama pale ilipo dhaifu kuliko zote. Kama zote zimechoka kwa usawa, kubadilisha moja moja ni kupoteza pesa, hapo ni betri nzima. Na hata betri iliyotolewa ikiwa na asilimia 60 ina mnunuzi, inafaa kuhifadhi umeme wa sola.

Hii kazi si ya gereji ya kona. Ndani kuna karibu volti 400 za DC, zinaua. Fundi anayejua ataanza kwa kuzima gari, kutoa waya wa hasi wa betri ndogo ya volti 12, kuvua plagi ya usalama ya rangi ya chungwa iliyo chini ya zulia, kusubiri si chini ya dakika 10 ili kapasita zitoke umeme, kupima kwa mita kwamba kweli ni sifuri, na glavu za mpira za volti 1,000 mkononi muda wote. Ukimwona anaruka kusubiri, chukua funguo zako uondoke.

---

Bunju_B aliandika:

Asanteni sana wakuu, ya 2014 nimeiacha. Nimebaki na mawili. Kuna wanaosema usichaji kupita asilimia 80 kamwe, wengine wanasema jaza tu. Lipi sahihi kwa joto letu? Na ukiacha betri kubwa, sevisi ya kawaida ni nini na nini?

---

Bamburi_Pwani alijibu:

Ndugu, niko upande wa Mombasa, joto letu na lenu ni moja. Kinachochosha betri ni kukaa imejaa ikiwa moto. Kwa hiyo usijaze jioni gari likae na 100 usiku kucha na mchana wa Jumapili juani. Kwa safari yako chaji mpaka 80 siku za kawaida, ukirudi nyumbani utakuwa na 40 na kitu. Ukiwa unakwenda mbali jaza 100, ila imalizikie asubuhi unapotoka. Na ukirudi kutoka juani subiri ipoe kwanza, anza kuchaji saa nne au tano usiku. Skrini za Japani ni Kijapani, kuipanga saa ya kuchaji humo ndani ni taabu. Rahisi kutumia chaja yenye saa yake.

Kwa wasomaji wa Kenya: kanuni ya umri wa miaka 8 inamaanisha Leaf za 24 kWh haziingii tena bandarini, unazozikuta ni za humu humu nchini, kwa hivyo zipimeni kweli kweli. Pia kuna tarifu ya magari ya umeme ya Kenya Power tangu 2023, ilipoanza bei ya msingi ilikuwa shilingi 16 kwa uniti na 8 usiku, kabla ya tozo na kodi. Inataka mita yake tofauti na ya nyumba. Kwenu Tanzania gari kuukuu linaingia, lakini umri unaongeza ushuru. Pigeni hesabu kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kushangilia bei ya mnada.

---

Moduli48 alijibu:

Bamburi amesema vizuri, ila hilo la 80 lisiwe amri ya milele. Mara moja kwa mwezi jaza mpaka 100 kisha uendeshe siku hiyo hiyo, seli zinapata nafasi ya kulingana na kompyuta inajua betri ina kiasi gani. Vilevile usiiache chini ya asilimia 10 kwa siku kadhaa.

Sevisi ni fupi. Hakuna oili ya injini, plagi wala mkanda. Kuna oili ya gia, haifiki lita moja na nusu, Nissan Matic S. Maji ya breki kila miaka miwili. Kulanti ipo, inapoza mota, inveta na chaja. Filta ya AC. Matairi yanaisha haraka kidogo, gari ni zito na nguvu inakuja yote mara moja.

Breki zina kasoro yake huku pwani. Kwa kuwa gari linajipunguza lenyewe kwa mota, pedi hazigusi diski ipasavyo na chumvi ya hewani inakula diski, hasa za nyuma. Mara moja kwa wiki, barabara ikiwa wazi, weka gia ya N kwa sekunde chache na ufunge breki kwa nguvu. Ukiwa N mota haisaidii, pedi zinafanya kazi na kutu inatoka. Kila mwaka pini za kalipa zivuliwe, zisafishwe, zipakwe grisi yake.

Betri ndogo ya volti 12 ndiyo inayoleta vilio vingi kuliko ile kubwa. Ikichoka dashibodi inajaa taa za ajabu, gari halikubali kuwa tayari, halichaji, na mwenye gari anaambiwa inveta imekufa. Pima kwanza hiyo: gari likiwa limezimwa usiku kucha ikisoma chini ya 12.2 badilisha, kisha futa makosa uone kinachobaki. Likifika bandarini jua kwamba ndiyo itakuwa imekufa baada ya wiki za melini. Ndani ya rimoti kuna funguo ya chuma ya kufungulia mlango.

Likikwama, lipandishwe mgongoni mwa breakdown. Lisivutwe magurudumu ya mbele yakiwa chini, yanazungusha mota.

Na Morogoro usiiweke kwenye mipango. Ni karibu kilomita 195. Kwa mwendo wa barabara kuu inakula zaidi, kilomita 5.7 hivi kwa kWh, kWh 33 zako zinakufikisha kilomita 188, yaani zinaisha kabla hujafika.

---

Bunju_B aliandika:

Nimeelewa. La mwisho: gesi ya AC ikiisha naweza kujaza kwa fundi yeyote?

---

Moduli48 alijibu:

Gesi mara nyingi ni R134a ile ile, oili ndiyo tofauti. Kompresa ya Leaf inazungushwa na umeme wa betri kubwa na koili zake zimelowa kwenye oili, kwa hiyo oili lazima iwe isiyopitisha umeme, ya POE. Kwa Leaf ni ND-11. Magari ya kawaida yanatumia PAG. Fundi akitumia mashine na mipira ile ile yenye mabaki ya PAG, au akamimina kopo lenye oili na rangi ya kutafutia uvujaji, kinga ya umeme ndani ya kompresa inashuka, gari linagundua umeme unavuja kwenye bodi na linakataa kuwaka. Kuisafisha inabaki kubadilisha kompresa, na mara nyingine mabomba yote.

Mwambie akuonyeshe kopo la oili kabla hajafunga mpira. Kama gesi imepungua kidogo tu bila kufungua mfumo, ajaze gesi tupu isiyochanganywa na chochote. Mfuniko wa mbele una kibandiko kinachotaja aina ya gesi na uzito wake, ajaze kwa mizani, siyo kwa kusikiliza ubaridi kwa mkono.